Fimbo ya Njia na Povu la Naamani

Kwetu hakuna anayeingia kibanda cha kuogea bila fimbo. Wageni hucheka wakisikia hivyo, kisha jasho linawazidi na wanaiomba.

Ni fimbo fupi ya mti mweusi, inatoka kiwiko changu mpaka kwenye vidole, na imevalishwa pete ya shaba kila upande. Mzee aliyemzaa baba aliipata kazini, zamani, reli ilipokuwa na kazi nyingi na simu chache. Njia ya reli ni moja na treni zinatoka pande zote mbili. Ili zisikutane uso kwa uso, kila kipande cha njia, kati ya stesheni na stesheni, kilikuwa na fimbo yake, moja tu. Dereva mwenye fimbo anaingia. Asiye nayo anangoja, hata kama anaiona njia iko tupu mpaka macho yanachoka. Siku hizi wanapigiana simu. Lakini baba, ambaye naye ni mtu wa reli, na kazi yake ni kugeuza njia hapa Kamina pale zinapoachana, moja ya Lubumbashi, moja ya Kananga, moja ya kwenda Kalemie, hana imani na simu. Anasema simu inazimika, fimbo haizimiki.

Kwa hiyo fimbo inatundikwa kwenye msumari juu ya mlango wa sebule, na inatawala kila kitu ambacho kwetu kiko kimoja: kibanda cha kuogea, chaja ya simu, pasi ya makaa. Unaichukua mkononi mwa baba, unairudisha mkononi mwa baba. Huwezi kumpa mtu mwingine akupelekee. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, ametoka katika ukoo wa Wametodisti uliojaa makarani, watu wanaogonga mlango na kusema samahani. Anasema alipoolewa alicheka wiki nzima. Leo ndiye anayeuliza kwa sauti kila asubuhi, fimbo iko na nani.

Nimeanza na fimbo kwa sababu bila hiyo hakuna atakayenielewa nikisema kwamba nililala na shampuu kichwani.

Mimi niko mwaka wa nne wa sekondari na ni mtu wa haya. Si haya ya kupendeza, ile ya wasichana wanaoinamisha macho ili waonekane. Yangu ni ya kusahau mikono iende wapi. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, linapanda mpaka shingoni na kukaa hapo kama mfupa wa samaki. Kitu kimoja tu kinatoka bila shida, nacho ni wimbo. Nikiimba, sauti inakwenda mbele na mimi nabaki nyuma yake, nimejificha kama mtoto nyuma ya kitenge cha mama yake.

Halafu kichwa kikaanza kumwaga mba.

Mwanzoni ilikuwa kidogo, vumbi jeupe kwenye kola. Kisha ikawa magamba, yanatoka hata nikitikisa kichwa kukataa chumvi. Kilikuwa kinawasha, nikikuna kinauma, nikiacha kinawasha zaidi. Kwenye daftari la hesabu nilikuwa napuliza kabla ya kufungua ukurasa mpya. Wasichana wa darasa letu husukana nywele Jumamosi chini ya veranda ya jirani, mmoja anakaa katikati ya magoti ya mwingine, na humo ndimo habari zote za Kamina hupita. Hakuna aliyenifukuza. Ila kila nilipofika, magoti yote yalikuwa yamejaa. Darasani jina langu likawa Mashini ya Bunga, mashine ya kusaga unga. Aliyekaa nyuma yangu aliniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetafuta habari:

“Weye, ku kwenu banasaga mahindi mu kichwa?”

Nilienda na mama kwenye zahanati. Muuguzi alipekua kichwa changu kwa ncha ya kalamu, akasema si uchafu, wala haiambukizi, ni ngozi tu inayojichosha. Inahitaji shampuu ya dawa, ipakwe, iachwe ikae kidogo, ndipo isuuzwe. Shampuu hiyo iko wapi? Inatoka Lubumbashi. Inakuja na nini? Na treni. Treni inakuja lini? Hapo mama alimtazama muuguzi, muuguzi akatazama dirisha. Tukarudi nyumbani.

Ningeweza kuendelea hivyo hivyo, kupuliza daftari mpaka nizeeke. Lakini korale yetu ya kanisa ilipata habari kwamba mkubwa wa distrikti, mchungaji anayesimamia makanisa yote ya huku, anakuja kusali nasi, na kiongozi wa korale akatunga wimbo mpya. Kiongozi ni mama mmoja mrefu, anayeandika kwa mashine katika ofisi ya serikali na kuimbisha kwa namna ileile, kidole kimoja kimoja. Siku zote amefunga kitambaa kichwani, amekikaza mpaka nyusi zinapanda. Wimbo ulikuwa wa Naamani, yule jemadari mwenye ugonjwa wa ngozi aliyeambiwa na nabii akajichovye mara saba katika mto Yordani. Ubeti wa tatu, pale Naamani anaposhuka majini, ni wa sauti moja peke yake. Kiongozi alitujaribu wote, akanipa mimi.

Sijawahi kupewa kitu mbele ya watu bila kutamani kukirudisha. Huo ubeti sikutamani kuurudisha. Nilikuwa nauimba nikisonga bukari, ugali wetu, nikifua, nikienda shule kwa mdomo uliofungwa. Nilijua kwamba nikiuimba siku ile mbele ya kanisa zima, kuna kitu kitakwisha, sijui kitu gani, lakini kitakwisha.

Siku tuliyojaribu makanzu mapya, ya bluu nzito karibu na nyeusi, nilisimama mstari wa mbele kama nilivyopangwa. Tuliimba mara moja. Kiongozi akaja, akatazama mabega yangu, akachukua kitu kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Korale yote ikakiangalia.

“Mwana,” akasema, “hii kanzu hatukuishona juu ya kubeba bunga. Siku ya mugeni, nikiona tena nyeupe mu mabega, ule ubeti nitapatia mwingine, na weye utasimama nyuma, ku ukuta.”

Mtu mmoja kwenye sauti ya pili akasema polepole kwamba labda ni vizuri, Naamani mwenyewe amekuja. Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, kwa sababu sikujua mikono iende wapi.

Nyumbani sikusema kitu, lakini mama alikuwa na rafiki kwenye sauti ya pili, na kabla ya jua kuzama ukoo wote ulikuwa umejua. Hapo ndipo shida ya kweli ilipoanza, kwa sababu nilisaidiwa.

Wa kwanza kufika alikuwa tantine, mdogo wake baba, aliyeolewa na askari na anakaa huko Base, kambi ya jeshi. Yeye hutengeneza sabuni na kuuzia wake wa askari. Alileta chupa ya plastiki yenye maji mazito ya kijani: majani ya mwarobaini, utomvu wa aloe, mchaichai, na sabuni yake mwenyewe iliyokunwa. Ilinukia kama mtu aliyekunywa chai akaanguka kwenye ua. Alisema hata mke wa komanda anaitumia. Dawa inakaa kichwani muda wa wimbo mmoja wenye beti nne, kisha inasuuzwa.

Wa pili alikuwa kambo, mama yake mama, aliyeshuka kutoka Kaniama na mfuko wa mahindi mgongoni na kidumu mkononi. Ndani ya kidumu kulikuwa na kitu cha rangi ya udongo, kizito, chenye majivu, mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na majani ya lumba-lumba yanayonukia kama kivumbasi. Tena kulikuwa na mizizi ambayo hakutaka kuitaja, akisema dawa ikitajwa jina inageuka kuangalia nani ameiita. Hiyo inakaa kichwani mpaka iache kuuma. Kama haiachi? Itaacha.

Walikaa kila mmoja upande wake wa sebule, dawa mbele ya miguu, wakasalimiana kwa heshima ndefu sana. Tantine alimwita kambo “mukwe wetu” na kambo alimwita tantine “mama ya ku Base.” Kambo aliomba kunusa chupa, akanusa, akasema ni harufu nzuri, ya kuwekea kabatini. Tantine aliomba kuona kidumu, akaona, akauliza kama hiyo ndiyo ya kichwa ama ya kuziba nyumba. Mama alisema tuchague moja. Kila mmoja akasema kweli, tuchague moja, na akaisogeza ya kwake.

Baba alikuwa akisikiliza kutoka mlangoni. Treni ilikuwa haijapita kwa muda mrefu, na mtu wa kugeuza njia asiye na treni hutafuta njia zake mahali pengine. Alikuja akachukua chanuo, akanikalisha kwenye kigoda, akanichana mstari katikati ya kichwa, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, akarudi nyuma kuutazama kama umenyooka. Halafu akatangaza. Upande wa kushoto ni wa tantine. Upande wa kulia ni wa kambo. Mba ikikimbia upande mmoja, tutajua dawa ni ipi, na huyo ndiye atakayetibu kichwa kizima kabla ya Jumapili ya mgeni.

Tantine akauliza swali ambalo mpaka leo ninaliona la akili: na maji? Wakati wa kusuuza, maji ya upande mmoja yataingia upande mwingine. Atakayesuuza kwanza atamharibia mwenzake, au atamwibia.

Baba aliuangalia mstari wake tena. Kisha akaenda mlangoni, akashusha fimbo kwenye msumari.

“Njia iko moja,” akasema. “Treni mbili mu njia moja, njo ajali. Hakuna mutu atagusa mayi ku hiki kichwa bila hii fimbo. Kambo, umekubali?”

Kambo alisema amekubali. Tantine alisema amekubali. Waliapa mbele ya baba na mbele ya mfuko wa mahindi. Mimi sikuulizwa. Reli huwa haiulizwi.

Tulifanya hivyo mara kadhaa na kila kitu kilikwenda kama saa ya stesheni. Tantine anapokea fimbo, anapaka kushoto, anairudisha. Kambo anapokea fimbo, anapaka kulia, anairudisha. Mama, aliyechaguliwa kwa sababu hakuwa upande wowote, anapokea fimbo ya mwisho na kusuuza, kichwa changu kimeinama mbele ili kila maji yashuke kwa upande wake, na kambo na tantine wamechuchumaa kuangalia beseni. Baba anasimama na saa. Majirani walianza kuja. Mmoja aliuliza kama ni ubatizo.

Kichwa changu hakikusema ukweli. Pande zote mbili zilipungua mba sawasawa, au hazikupungua sawasawa, kutegemea nani ameshika chanuo. Jumamosi ya mwisho, kesho yake mgeni anakuja, wakakubaliana wapake nyingi. Waiache itawale. Tantine alimimina mpaka sikio langu likajaa. Kambo alipaka kwa kiganja kizima kama mtu anayesiriba ukuta. Alipomaliza alimrudishia baba fimbo, na baba akaiweka kwapani ili aangalie saa.

Hapo tukasikia honi.

Ilikuwa treni. Ya mizigo, kutoka kusini, haikutangazwa. Mtoto wa jirani alikimbia kuja kusema baba anatafutwa. Mwenzake aliyepaswa kusafiri na treni ile ili kugeuza njia kwenye vistesheni visivyo na mtu alikuwa mgonjwa, na dereva alikuwa hataki kungoja. Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha namna ile. Alivaa koti mkono mmoja, akatukimbia akivaa mkono wa pili. Tukasikia honi nyingine, mabehewa yakagongana, na treni ikaondoka kuelekea Kaniama.

Mama alinyoosha mkono kwenye msumari. Msumari ulikuwa mtupu.

Tulitafuta chini ya kigoda, kwenye mahindi, juu ya paa la kibanda. Kisha kila mmoja akaona kwenye macho ya mwenzake lile kwapa la baba. Simu yake ilipigwa. Ililia chumbani, kwenye chaja.

Mama alisema basi, mambo ya kuchekesha yamekwisha, nilete kichwa nisuuzwe. Kambo hakuinuka. Kwa kambo, neno likishatoka ni kama mwana aliyezaliwa, humrudishi ndani. Tantine naye alisema yeye hana neno, lakini kichwa kikisuuzwa bila fimbo, kambo asije kusema kesho kwamba dawa ya Base ndiyo iliyoshindwa.

“Mama,” mama yangu akasema, “mutoto eko na sabuni mu kichwa tangu saa nane.”

“Na fimbo iko wapi?” kambo akauliza.

“Iko Kaniama,” tantine akajibu.

“Basi,” kambo akasema, akanyoosha miguu, “tungoje Kaniama.”

Ni lazima niseme hapa jambo ambalo sikulisema siku ile. Ningeweza kusuuza mwenyewe. Ndoo ilikuwapo. Lakini kwanza niliogopa kwamba nikisuuza, wataapa upya, watachana mstari upya, na Jumapili itanikuta nikiwa na kitu cha tatu. Na pili, dawa ilikuwa imeacha kuuma. Sijui ya nani. Kichwa kilikuwa kimenyamaza. Baada ya miezi ya kuwashwa usiku na mchana, kichwa changu kilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatano, na mimi nilikaa kwenye kigoda na ule ukimya, sitaki mtu auguse.

Nililala hivyo. Asubuhi dawa ilikuwa imekauka na kuwa ganda. Ukigonga, kushoto kulitoa sauti nyembamba, kulia sauti nzito. Mama alinifunga kitambaa chake cha bluu, akakikaza, akanitazama, akaona hakuna jeupe lolote kwenye mabega. Alisema tu, imba, usitikise kichwa.

Kiongozi wa korale alinikagua mlangoni. Alitazama bega la kushoto, bega la kulia, kitambaa, akaridhika. Nikasimama mbele. Mkubwa wa distrikti alikuwa amekaa karibu sana, ningeweza kusoma Biblia yake. Kambo na tantine walikuwa benchi la kwanza, kila mmoja upande wa dawa yake.

Paa la kanisa letu ni la bati na halina dari. Ilikuwa ule wakati kabla ya mvua za kwanza, joto linaposhuka kutoka juu na kukaa kwenye mabega kama mtoto mkubwa. Hotuba zilikuwa nyingi. Mpaka tuliposimama kuimba, jasho lilikuwa limekwisha kupita mgongoni. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, nikasikia kitu kinatembea juu ya sikio langu.

Sabuni kavu haisahau kwamba ni sabuni. Inangoja maji tu.

Ubeti wa tatu ulifika na korale ikanyamaza. Nikafungua mdomo, Naamani akaanza kushuka kwenda mtoni, na povu likaanza kushuka kutoka kwenye kitambaa. Kushoto lilikuwa la kijani, jepesi, lenye mapovu makubwa. Kulia lilikuwa la udongo, zito, linakuja polepole na heshima. Yote mawili, yakifika kwenye kanzu, yalikuwa meupe.

Nilimwona kiongozi. Mikono yake ilikuwa hewani na macho yake yalikuwa kwenye mabega yangu. Nikajua kwamba ubeti umekwenda, kwamba huu ni mwisho, kwamba kuanzia wiki ijayo ninaimbia ukuta. Basi kama ni mwisho, nikaona heri niumalize. Treni ikishaingia kwenye njia hairudi nyuma, hata baba angesema hivyo. Nikafumba macho na kuimba kwa nguvu zaidi, na kwa nguvu povu likazidi. Nilipoyafumbua, kambo alikuwa amesimama kuangalia upande wa kulia, tantine amesimama kuangalia wa kushoto, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kwa kidole povu lake.

Ndipo mlango mkubwa ukafunguka na baba akaingia.

Alikuwa bado amevaa koti la kazi, ana mafuta ya mashine mpaka shavuni. Kumbe alikuwa amekuta fimbo kwapani mwake kule Kaniama, akapanda treni ya kwanza inayorudi, na treni ya kwanza kwa bahati ilikuwa ni kichwa cha treni peke yake, bila behewa hata moja. Hakutazama mtu. Alipita katikati ya mabenchi kwa mwendo wa kazini, fimbo ameiinua mbele yake kwa mikono miwili, kwa sababu fimbo haipelekwi na mtu mwingine wala haisubiri ibada kwisha. Alifika mbele yangu, akageuka ubavu, akanyoosha mkono, jinsi wanavyompa dereva fimbo bila treni kusimama. Mimi ni mtoto wa reli. Niliipokea bila kukata sauti.

Nyuma yangu mzee mmoja akasema amina. Halafu wengine. Mkubwa wa distrikti aliinamisha kichwa kama mtu anayeelewa: huyo aliyechafuka ndiye mtumwa wa nabii, hiyo ndiyo fimbo yake, na huyo binti ndiye Naamani na ugonjwa wake unamtiririka. Niliona anaelewa. Alikuwa na machozi.

Sasa fimbo ilikuwa mkononi mwangu, na kwa sheria yetu mwenye fimbo anaingia. Ubeti ulisema Naamani ashuke majini. Nikashuka. Nikatoka kwa mlango wa pembeni nikiimba, nikaelekea kwenye bomba lililo nyuma ya kanisa. Mama alifuata, kwa sababu alijua. Kambo na tantine walifuata kulinda maji yao. Korale ilifuata kwa sababu ilidhani imesahau sehemu ya wimbo. Baada ya korale, kanisa lote likatoka, na mkubwa wa distrikti katikati, ameshika Biblia na viatu vinaingia kwenye tope.

Mama alijaza ndoo na kunimwagia. Watu wakahesabu kwa sauti, moja. Mama aliduwaa, akamwaga tena, wakahesabu mbili. Hakuweza kuacha kabla ya saba. Maji ya kambo na maji ya tantine yalichanganyika tangu ndoo ya kwanza, yakashuka pamoja kwenye mfereji, na hao wawili walisimama wakiyaangalia yanakwenda, kama watu wanaosindikiza treni.

Baada ya saba nilivua kitambaa. Kiongozi wa korale alikuja, akaniinamisha kichwa, akapekua nywele zangu palepale mbele ya watu, mstari wa kushoto, mstari wa kulia. Ngozi ilikuwa safi. Mkubwa wa distrikti akamwambia hajawahi kuona ubeti ukifundishwa namna hiyo, na kwamba parokia ya Base lazima iuone.

Dawa ipi iliponya, hakuna ajuaye. Kambo anasema ya kulia ilivuka usiku ikaenda kusaidia ya kushoto. Tantine anasema kinyume. Mba inarudi kidogo wakati wa kiangazi, napaka mojawapo, inaondoka. Darasani bado wananiita Mashini ya Bunga, lakini sasa Jumamosi kuna magoti yananingoja.

Wiki iliyofuata kiongozi alikuja nyumbani kwetu mchana, watu wengi wakiwa kazini, akawakuta baba, kambo na tantine sebuleni. Alizungumza kwanza juu ya safari ya Base. Ubeti ni wangu, alisema, hilo halina mjadala. Ila alikuwa na swali moja, kama lile povu linaweza kutoka tena. Kambo alikataa. Kichwa kilichopona hakipakwi dawa, alisema, dawa itakasirika. Kiongozi akaomba kikombe. Akanywa maji. Akamwangalia baba, akaangalia msumari juu ya mlango. Kisha alinyanyua mikono akafungua kile kitambaa chake ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimefunguliwa, na magamba meupe yakaanguka kwenye mabega ya blauzi yake, mengi kuliko yangu ya siku zote.

“Basi,” akasema kwa sauti ndogo, “mupakie cha kwangu.”

Hakuna aliyecheka. Baba alishusha fimbo, akampa. Aliishika kwa mikono miwili na kukaa kwenye kigoda, magoti yamekutana, mwanamke mrefu vile, na sasa yeye ndiye hakujua mikono iende wapi. Kambo alifungua kidumu, tantine akafungua chupa. Mimi nilichukua chanuo, nikasimama nyuma yake, na nikasikia sauti yangu ikitoka bila kuimba.

“Usiogope, mama. Inauma kidogo tu, kisha inanyamaza. Nichane mustari katikati, ama unataka upande moja?”